Kalamu ya Mwalimu Ezekia

Beltsville, Jumamosi mchana

Mwanangu Tumaini,

Umekwenda mtaa wa Shaw kuagana na wenzako, baba yako yuko barabarani na teksi yake, na mimi nimebaki na masanduku yako mawili hapo mlangoni. Kesho asubuhi baba yako anakupeleka chuoni Ohio. Habari za koti zito, za kadi ya simu, za kompyuta ambazo watu wanasema zitakwama mwaka 2000 ukiingia, ameshakueleza mara tatu, na mara zote umemjibu, "I know, Daddy." Mimi sitazirudia.

Nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka miwili. Nimekuwa nikikuonea wivu. Sisemi ule wivu wa mama anayemtania binti yake kwa sababu amependeza kuliko yeye. Nasema wivu wa kweli, wa kumtazama mtu akifanya kazi na kumwombea akosee. Na siku moja ulikosea, na mimi ningeweza kuzuia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujasema kitu.

Unajua kwamba babu yako Yustino alikuwa fundi wa kukereza mbao pale Masasi. Umeona ile picha yake amevaa kofia. Lakini sijawahi kukueleza kwamba mashine yake ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na kwamba mimi ndiye niliyefagia maranda chini yake tangu nina miaka saba mpaka nilipoolewa. Aliyefundishwa ni mjomba wako Gerado. Alikuwa mfupi, baba akamtengenezea kibao cha kusimamia. Mguu wangu mimi ulifika kwenye kikanyagio bila kibao chochote.

Siku moja baba alikwenda sokoni. Nikachukua kipande cha mti, nikakikereza mpaka kikawa mguu wa kiti cha mtoto, na shingo yake na mviringo wake, hauna hata mkwaruzo. Nilikiacha juu ya meza ili akione. Alikiona. Alikigeuza mkononi muda mrefu, akamwuliza Gerado, "Umefanya wewe?" Gerado akasema, "Ndiyo, baba." Akapigwa begani, akaambiwa sasa amekuwa mtu mzima. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na ufagio mkononi. Nikaendelea kufagia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilidhani nikisema nitachekwa.

Tulipokuja huku Marekani ulikuwa na miaka sita. Nikapata kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee, ile ile niliyonayo mpaka leo. Katika wazee wangu alikuwepo Mzee Walter, aliyekuwa amepooza upande mmoja, lakini mkono wake mzima haukutulia, ulizunguka zunguka juu ya shuka kama unashika kitu. Nikamwambia siku moja, "Unakereza." Macho yalimjaa machozi. Kumbe gereji yake ilijaa mbao. Alipofariki, mkewe aliniita, akanipa mashine yake ndogo ya umeme na patasi zote. Baba yako na mimi tuliishusha ngazi mpaka kwenye chumba cha chini ya nyumba, na yeye akasema, "Haya, mama fundi." Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakuna aliyenizuia kukishika.

Nikaanza kukereza kalamu, kwa sababu kalamu inataka kipande kidogo tu cha mti. Unakitoboa katikati, unatia mrija wa shaba, unakikereza kinakuwa chembamba kulingana na vyuma vya ncha na kofia, unavipachika. Wewe unayajua haya. Nayaandika kwa sababu napenda kuyaandika. Umbo nililiweza. Hata wewe hujawahi kukereza kiuno cha kalamu kama changu, na hilo nalisema leo bila aibu.

Kilichonishinda kilikuwa uso wa nje. Nilipaka ile vanishi yenye nta, unaisugua kwa kitambaa mti ukiwa unazunguka, joto linaifanya ing'ae kama kioo. Siku ya kwanza kila mtu anapiga kelele. Baada ya mwezi jasho la vidole limeila, kalamu imefifia, imekuwa kama kitasa cha mlango wa choo cha shule. Muuguzi mmoja kazini alinirudishia ya kwake akiwa na huruma, akaniambia labda ameiosha vibaya. Hakuiosha vibaya. Niliichukua nikaipaka upya, na baada ya mwezi ikawa vile vile.

Kisha ukaja wewe, kiangazi ulipokuwa na miaka kumi na sita. Ulishuka chini kutafuta baridi tu, kwa sababu huko juu palikuwa tanuri. Ukakaa kwenye ngazi unatazama. Baada ya wiki ukaomba kujaribu. Baada ya wiki mbili ukarudi kutoka maktaba na kurasa ulizozichapa kwenye intaneti, watu usiowajua wanaelezana jinsi ya kupaka kalamu supaglu, gundi ile ile ya kubandikia kikombe kilichovunjika.

Nilicheka. Nilikuambia, "Gundi ni ya kubandika, siyo ya kupaka."

Ukasema, "Mama, just watch."

Nikatazama. Ulikunja karatasi laini, ukatia tone la mafuta ya kitani, juu yake matone mawili ya gundi, ukaipitisha juu ya mti unaozunguka polepole, kwenda na kurudi, mkono hautetemeki. Ukasubiri. Ukapaka tena. Mara ya nne karatasi ilikunasa kidole, ukaruka ruka chumba kizima unacheka, na mimi nikacheka pia. Bado nilikuwa nacheka wakati ule. Safu kumi, kumi na mbili. Halafu msasa mwororo na maji, kisha mwororo zaidi, kisha dawa ya kung'arishia plastiki. Ulipozima mashine na kunikabidhi, niliona uso wangu kwenye mti.

Nikasema, "Ni nzuri, lakini tuone kama itadumu."

Sikusema hivyo kwa hekima. Nilikuwa natamani isidumu. Wiki iliyofuata niliichukua ile kalamu bila kukuambia, nikaitia kwenye mfuko wa sare yangu ya kazini pamoja na funguo. Nilitembea nayo siku sita. Niliishika kwa mikono yenye sabuni, yenye losheni, yenye dawa ya kuulia vijidudu. Niliikwaruza kwa ukucha. Siku ya saba niliifuta kwa pindo la gauni, na ikang'aa kama siku uliyonipa. Nikairudisha mahali pake. Uliwahi kuniuliza kwa nini ilikuwa inanuka sabuni ya hospitali, nikasema sijui.

Tangu hapo nilianza kuhesabu. Nani kasifu yako, nani kasifu yangu. Kwenye mnada wa kanisa wanawake walizishika zangu kwa adabu na wakazigombania zako. Watu walinipongeza, "Umemfundisha vizuri," na mimi niliitikia asante, ingawa jambo lile lenyewe sikukufundisha. Mimi nilingoja miaka ishirini na saba kuifikia mashine. Wewe uliifikia kwa ngazi kumi na tatu kutoka jikoni, na ndani ya kiangazi kimoja ulikuwa umenipita. Nilikutazama mgongoni ukiwa umeinama pale, na namshukuru Mungu kwamba hukugeuka kuona uso wangu.

Halafu ikaja habari ya Mwalimu Ezekia. Alikuwa anaacha kuongoza kwaya ya ibada yetu ya Kiswahili baada ya miaka mingi, na kila wimbo aliotufundisha alikuwa ameunakili kwa mkono. Kamati ikaamua zawadi iwe kalamu. Mama Njeri alipokuja kunieleza, tukiwa tunaosha vikombe, nilikuwa nimeshaanza kufikiria mti gani nitumie.

"Sisi kama kamati tumeongea," akasema. "Tunataka Tumaini ndiye atutengenezee."

"Tumaini?"

"Ee, huyo msichana ako na mkono, aki. Zako ni poa sana, mama, lakini si unajua zinachujuka? Na Mwalimu vile mikono yake hutoa jasho."

Alisema kweli tupu, na kwa upendo. Niliendelea kusuuza kikombe kimoja mpaka akaniuliza kama kina doa.

Ulifurahi sana. Ulitaka mti mweupe wa huku. Mimi ndiye niliyekuambia utumie mpingo, kile kipande ambacho mjomba Gerado alinitumia kutoka nyumbani. Nimejichunguza sana juu ya hilo. Naamini nilipokupa nilikupa kwa moyo mweupe, maana Mwalimu ni mtu wa kusini kama sisi na nilitaka ashike mti wa kwao. Kilichonishika kilinishika Jumamosi iliyofuata, ulipokuwa umeshaukereza, mweusi, mzuri, na unakunja karatasi yako.

Mpingo una mafuta ndani yake, Tumaini. Ukiugusa unaona mkavu, lakini unatoa mafuta kama mtu anavyotoa jasho. Gundi haishiki juu ya mafuta. Ni lazima uufute kwanza kwa spiriti, au kwa ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, mara nyingi, mpaka kitambaa kitoke bila doa, kisha upake hapo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Babu yako alimwambia Gerado hivyo mbele yangu. Mimi niliyapata chini ya mashine, nikiwa nimeinama na ufagio. Hakuna aliyenipa.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilifungua mdomo. Nilisema, "Tumaini, huo mti..." Na wewe, bila kugeuka, ukasema, "Mama, please, najua ninachofanya."

Nikafunga mdomo.

Kwa miaka miwili nimejificha nyuma ya sentensi yako hiyo. Nimejiambia: yeye mwenyewe alikataa kusikia. Lakini wewe ulikuwa mtoto mwenye tone la gundi mkononi linalokauka, ulisema kama mtu yeyote anayeogopa kuharibu kazi. Nilikuwa na muda. Ulipaka safu kumi na mbili siku ile, na kati ya kila safu ulisubiri. Ningeweza kusema mara kumi na mbili. Nilipanda juu nikachambua mchele.

Siku ya zawadi Mwalimu Ezekia aliinua ile kalamu mbele ya watu wote, na ukumbi ukasimama. Wewe ulifunika uso kwa mikono. Mimi nilipiga makofi pamoja nao na ndani yangu nikajua ni wiki ngapi zimebaki.

Zilikuwa saba. Alikuja nayo kwenye chai baada ya ibada, hakuja kulalamika, alitaka tu kujua afanye nini. Uso wa kalamu ulikuwa umenyanyuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Alipoigusa, kipande kikabanduka kikaangukia ndani ya sahani ya maandazi. Kijana mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Supaglu hiyo!" na watu wakacheka, hawakukusudia ubaya. Ulikiokota kile kipande kwenye sahani. Ukasema, "I'm so sorry, Mwalimu." Mara tatu.

Kwenye gari ulitazama nje njia nzima. Baba yako aliwasha redio, akaizima. Tulipofika ulishuka chini, nikasikia unakusanya vitu vyako, gundi, misasa, daftari lako la majaribio. Ulivitia kwenye sanduku la karatasi ukaliweka nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto. Hukukereza tena.

Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nataka uione hiyo sentensi imeandikwa kwa mkono wangu. Nilikaa kitandani na gauni la kanisani nikafurahi kwa dakika chache, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha nikasikia unapanda ngazi taratibu, unapita mlango wangu bila kuingia, na furaha ile ikawa kama chakula kilichoharibika, tayari kimeshafika tumboni.

Hayo ni makosa mawili. La tatu ndilo lililo baya zaidi. Baada ya miezi kadhaa nilimwomba Mwalimu Ezekia ile kalamu. Nilikwangua gundi yote, nikaufuta mpingo mpaka kitambaa kikatoka bila doa. Halafu nilikwenda nyuma ya tanuri nikalifungua sanduku lako, nikachukua daftari lako. Nilifuata maandishi yako ukurasa kwa ukurasa: matone mangapi, usubiri kiasi gani, msasa upi baada ya upi. Nikalirudisha daftari. Kalamu ikatoka kama kioo cheusi, na mpaka leo Mwalimu anaandika nayo na haijanyanyuka hata pembeni.

Kanisani wakasema, "Mama mtu ndiye fundi." Nikaitikia asante. Ulikuwa umekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Tulipofika nyumbani uliniuliza, kwa Kiswahili, tena kwa adabu, "Mama, ulifanyaje?"

Nikakujibu, "Uzoefu tu, mwanangu."

Nimewahi kumlaani Gerado moyoni kwa ile "Ndiyo, baba" yake. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayemwogopa baba yake. Mimi nilikuwa mwanamke mzima, na niliyempora alikuwa binti yangu.

Majira ya kuchipua ya mwaka jana nilimwendea Mwalimu Ezekia kwake Silver Spring nikamweleza yote. Nilitegemea anisomee Biblia. Alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza, akamenya kiazi kingine, akasema, "Sasa unaniambia mimi kwa nini? Mimi kalamu yangu inaandika." Nikaondoka nimekasirika, na nilipofika Beltsville nikaona kwamba hakuwa na lingine la kusema. Hata hivyo sikukuambia. Nikajipa sababu: una mitihani, una fomu za vyuo, usisumbuliwe.

Kilichonivunja ni hizo fomu. Uliacha nakala juu ya meza ya jikoni, ile insha ya kueleza kwa nini unataka kusoma kemia. Nilisoma nikiwa nimesimama. Uliandika kwa Kiingereza chako kizuri kwamba ukiwa na miaka kumi na sita kuna kitu ulikitengeneza kikabanduka mbele ya watu uliowapenda, kwamba ulidhani tatizo ni mikono yako, na kwamba mama yako aliweza kukitengeneza lakini wewe mpaka leo hujui kwa nini kilishindwa, na unataka kwenda mahali ambapo watu wanajua.

Unakwenda Ohio kutafuta jibu ambalo lilikuwa limesimama nyuma yako na mdomo umefungwa.

Niliposoma barua waliyokujibu chuoni, profesa yule alivyoandika kwamba maabara yao inachunguza gundi na rangi, unajua nilihisi nini? Niliona wivu tena. Nilimwonea wivu profesa huyo, mama nisiyemjua, atakayesimama nyuma yako sasa na kukueleza mambo. Nilikuonea wewe wivu, unayeandikiwa barua na watu kama hao. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba nimepona. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nimeujua unavyokuja. Huja na sababu nzuri. Huniambia ninyamaze kwa ajili ya adabu, au kwa ajili ya mitihani, au kwa sababu nimeambiwa "please." Ukiwa huko, ukajikuta una jambo ambalo mwenzako analihitaji na ulimi wako unakuwa mzito, usitafute sababu. Mimi nilizitafuta na nilizipata zote.

Jana nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya nikawaambia. Nilisema kalamu ya kwanza iliharibika kwa sababu mimi nilikaa kimya, na ya pili ilipona kwa daftari la Tumaini. Mama Njeri akasema, "Ai, Mama Tumaini," basi. Mtu mmoja akauliza kama tunaanza na wimbo wa kwanza au wa pili. Sijui watanitazamaje kesho nikiingia kanisani, na sikufanya hivyo ili wanitazame vizuri. Niliona haiwezekani wewe uondoke katika mji huu ukiwa ndiye aliyekosea.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, uisome ukiwa umeshafika, maili nyingi kutoka kwangu, ukilia au ukikasirika mbele ya watu usiowajua. Nimeandika mpaka hapa nikaona kwamba huo nao ni mpango wa mwoga. Nitaipandisha sasa hivi niiweke juu ya mto wako. Ukirudi utaikuta, na bado kutakuwa na jioni nzima.

Mimi mama yako nitakuwa jikoni, napika wali wa nazi na maharage. Mlango nitauacha wazi. Ukimaliza kusoma, shuka. Kama una hasira, shuka nazo zote, usiziache huko juu. Nimekupa sababu ya kunipigia kelele miaka miwili iliyopita, na hujapata nafasi bado.